Treni za Hornby alizoacha baba mkwe: namna ya kuzitambua na kujua thamani yake kabla ya kuuza

Dada uliyeuliza, kwanza pokea pole zangu kwa msiba wa baba mkwe wako. Umeandika kwamba mmekuta darini kwake, hapa Uingereza, sanduku lenye vichwa vitatu vya treni, mabehewa kadhaa, reli zenye vyuma vitatu badala ya viwili, na transfoma nzito. Kwamba jina Hornby linasomeka kwenye baadhi ya maboksi. Na kwamba mfanyabiashara anayeondoa vyombo nyumbani humo ametaja bei moja kwa mzigo wote na anataka jibu kabla ya juma kwisha. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba asipewe jibu juma hili. Bei moja kwa mzigo wote hutajwa na mtu ambaye ama hajui kilichomo, ama anakijua vizuri kuliko mwenye mali, na kwa vyovyote vile anayepunjika ni mwenye mali. Mimi hununua, hukarabati na huuza treni hizi katika magulio ya wakusanyaji, na ni kazi ninayoipenda kwa dhati; nimeshuhudia mara nyingi mno kichwa chenye thamani kikiondoka kwa bei ya behewa la kawaida kwa sababu tu hakuna aliyekigeuza akasoma yaliyoandikwa chini yake.

Kabla ya kutambua chochote, yapo mambo matatu ya kujizuia nayo. Usioshe kitu. Herufi, namba na mistari ya pembeni katika vichwa vingi vya zamani ni utando mwembamba uliobandikwa kiwandani kisha ukafunikwa kwa vanishi, na kitambaa chenye maji au dawa ya kung'arishia huuondoa kwa dakika moja, na ukishaondoka thamani imeondoka nao. Brashi laini na kavu ya kupakia rangi inatosha kuondoa vumbi. Pili, usiichomeke transfoma hiyo kwenye umeme hata kwa kuonja tu. Nyaya za miaka ya 1940 na 1950 zilivikwa mpira ambao sasa umekauka na hupukutika ukikunjwa, na transfoma yenyewe haina bei ya kumfanya mtu ahatarishe maisha yake. Wala usikijaribu kichwa kwa transfoma ya treni za aina nyingine uliyoazima kwa jirani, kwa kuwa vichwa vya Hornby Dublo, yaani treni ndogo za Hornby ambazo naamini ndizo ulizo nazo, huendeshwa kwa mkondo mnyoofu (DC) wa volti 12, ilhali seti za Märklin za Ujerumani, ambazo nazo zina njia ya umeme katikati, hutumia mkondo geu (AC). Mota ya Dublo ikipewa mkondo geu hutetemeka na kupata moto pasipo kwenda popote. Tatu, usitenganishe vitu vilivyokutwa pamoja. Boksi, karatasi ya maelekezo, kikaratasi cha kiwanda, risiti ya duka, hata kipande cha kadibodi kilichoshikilia magurudumu ndani ya boksi, vyote ni sehemu ya thamani. Piga picha sanduku lilivyo kabla hujatoa kitu, ili ujue baadaye kipi kilikuwa katika boksi gani.

Sasa chukua rula na upime upana wa njia, kutoka upande wa ndani wa reli moja ya nje hadi upande wa ndani wa reli nyingine ya nje, na ile ya kati usiihesabu. Ukipata milimita 32, unazo treni za ukubwa wa O, ambazo kwa Hornby ndizo za kwanza, zilizoanza kuuzwa mwaka 1920, nyingi zikiwa za bati na za kutia ufunguo. Ukipata milimita 16.5, unazo treni za ukubwa wa OO au HO. Milimita 45 ni geji namba 1, ambayo mara nyingi ni kazi ya Wajerumani wa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na ukiikuta simama hapo hapo utafute mtaalamu. Milimita 12 ni TT, na 9 ni N, ambazo ni za miaka ya baadaye.

Tofauti ya OO na HO huwachanganya wengi kwa kuwa zote mbili hupita kwenye njia ile ile ya milimita 16.5. Reli halisi ya kiwango cha kimataifa, kama hii mpya ya Mombasa na Nairobi au ya Dar es Salaam na Dodoma, ina upana wa milimita 1,435, na ukigawanya kwa 87 unapata 16.5, hiyo ndiyo HO inayotumika Ulaya bara na Marekani. Waingereza walipotaka kutengeneza treni zao ndogo katika miaka ya 1930 walikuta kwamba vichwa vyao halisi ni vyembamba kuliko vya Ulaya bara, na mota za wakati ule haziingii ndani ya mwili uliopunguzwa mara 87. Wakaukuza mwili hadi sehemu moja ya 76 na kuiacha njia ilivyokuwa. Kwa hiyo kichwa cha Kiingereza kikiwekwa kando ya cha Kijerumani juu ya njia moja, cha Kiingereza huonekana kipana kidogo kuliko njia inayokibeba, na jicho likishazoea hutambua hilo hata kabla ya kusoma jina.

Kwa maelezo yako, yaani vyuma vitatu, jina Hornby, na vichwa vinavyokaa juu ya kiganja, naamini unazo Hornby Dublo. Angalia tu kitako cha reli: kikiwa cha bati ni Dublo, lakini kikiwa cheusi cha bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, basi hizo reli ni za Trix Twin, kampuni nyingine iliyouza treni za ukubwa huo huo tangu miaka ya 1930, na mara nyingi watoto walichanganya vitu vya kampuni zote mbili katika sanduku moja.

Hornby Dublo ilitolewa na kiwanda cha Meccano cha Frank Hornby, kilichokuwa barabara ya Binns mjini Liverpool. Ilianza mwaka 1938, miaka miwili baada ya Hornby mwenyewe kufariki, ikasimama wakati wa Vita Kuu ya Pili, ikarudi baada ya vita hivyo, ikaanza kutoa treni za njia mbili, yaani za reli zenye vyuma viwili badala ya vitatu, mwaka 1959, na mwaka 1964 kampuni ya Meccano ikanunuliwa na Lines Bros, waliokuwa wakiuza treni za plastiki kwa jina la Tri-ang. Miaka hii ndiyo inayokuwezesha kuweka tarehe kwa kusoma tu jina lililo chini ya kichwa au juu ya boksi. Palipoandikwa Hornby Dublo pamoja na Meccano Ltd na Liverpool, ni ya kati ya 1938 na 1964. Palipoandikwa Tri-ang Hornby, ni ya kuanzia 1965 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Palipoandikwa Hornby Railways na Margate, mji ulio katika jimbo la Kent, ni ya kuanzia 1972. Palipoandikwa Wrenn, ni kazi ya kampuni ya Basildon iliyochukua baadhi ya vifaa vya kuyeyushia na kumwagia vya Dublo na kuendelea kutengeneza vichwa vile vile kwa majina na rangi mpya hadi mwaka 1992. Palipoandikwa kwamba imetengenezwa China, ni ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, na thamani yake hupimwa kwa utaratibu mwingine kabisa.

Hapo pana mtego ambao nataka uuelewe vizuri, kwa kuwa ndio unaowapotosha wauzaji wengi wenye nia njema. Juu ya treni za Kiingereza utaona herufi LMS, LNER, GWR au SR, ambazo ni kampuni nne za reli zilizokuwepo hadi serikali ilipozitaifisha tarehe 1 Januari 1948 na kuunda British Railways. Watu huziona herufi hizo na kusema kwamba treni ni ya kabla ya vita, kisha huipa bei kubwa. Si hivyo. Kiwanda cha Liverpool kiliendelea kupaka rangi za kampuni hizo za zamani kwa miaka kadhaa baada ya kutaifishwa, na rangi za British Railways zilikuja kwenye Dublo mwaka 1953. Kinachotofautisha kwa uhakika kazi ya kabla ya vita na ya baada ya vita ni kiunganishi, yaani kile kidude cha mbele na nyuma kinachoshikanisha behewa na behewa. Cha kabla ya vita ni ukanda bapa wa chuma cha springi; cha baada ya vita ni cha aina ya ndoano inayojishika yenyewe. Katika kichwa kiitwacho Sir Nigel Gresley, kile cha buluu chenye pua ya mteremko, vile vya kabla ya vita vina pazia la chuma linaloshuka na kufunika sehemu ya juu ya magurudumu, na vile vya baada ya vita havina. Duchess of Atholl, chenye rangi nyekundu iliyokolea ya LMS, hakikupata kuuzwa kabla ya vita, kwa hiyo ukiambiwa na mtu kwamba anacho cha mwaka 1939, ujue hana.

Maboksi nayo husaidia. Meccano walikuwa na desturi ya kuchapa alama ndogo pembeni mwa boksi au mwisho wa karatasi ya maelekezo, na ndani ya alama hiyo mara nyingi mna mwezi na mwaka wa kuchapwa. Lakini tarehe hiyo ni ya boksi, si ya kilichomo ndani, kwa kuwa kiwanda kilichapa maboksi mengi na kuyatumia hadi yaishe. Ichukulie kuwa ushahidi mmoja unaohitaji kuungwa mkono na kiunganishi, rangi na namba.

Kuhusu namba, tazama ncha ya boksi. Vitu vya miaka ya mwanzo vina herufi EDL na namba fupi: EDL11 ni Silver King, EDL12 ni Duchess of Montrose, EDL17 ni kile kichwa kidogo cheusi chenye matangi ya maji ubavuni. Hivi vilitengenezwa kwa wingi sana na bado ni vingi. Baadaye kiwanda kilianza kutumia namba za tarakimu nne, na hapo ndipo pana jambo linaloweza kubadilisha kabisa hesabu yako: namba inayoanza na 2 ni ya njia mbili, na inayoanza na 3 ni ya njia tatu. Kichwa 2235 kinaitwa Barnstaple na 3235 kinaitwa Dorchester; ni mwili ule ule, rangi ile ile, tofauti ni jina, namba na namna ya kuchukua umeme. Vivyo hivyo 2226 ni City of London na 3226 ni City of Liverpool. Kufikia miaka hiyo wanunuzi wengi walikuwa wamehamia njia mbili, kwa hiyo vichwa vya njia tatu vya mwisho mwisho vilitoka vichache, na leo ndivyo vinavyotafutwa. Kwa kuwa reli zako ni za njia tatu, chunguza kwa makini kama kimojawapo cha vichwa vyako kina namba ya boksi inayoanza na 3. Kikiwa nayo, na boksi lenyewe lipo, kichwa hicho peke yake kinaweza kuwa na thamani kuliko vitu vyote vingine vilivyomo sandukuni.

Hata hivyo, kwa sababu miili inafanana, wapo watu wanaochukua mwili wa njia mbili na kuufunga kwenye chasisi ya njia tatu, au kubandika jina jipya. Geuza kichwa. Chini ya cha njia tatu utaona kati ya magurudumu kidole cha chuma kinachoning'inia ili kigusane na reli ya kati. Jina lililoko ubavuni, namba iliyoko kwenye kibanda cha dereva, kidole hicho cha chini, na namba ya boksi vikikubaliana vyote vinne, unaweza kupumua. Kimoja kikipingana na vingine, uliza kabla ya kuuza, maana mnunuzi makini atauliza hayo hayo.

Nilitaja kichwa kidogo chenye matangi ubavuni, aina ya N2, na nataka nikae hapo kidogo kwa sababu ndicho kinachoghushiwa kuliko vyote nilivyoona. Kiliuzwa kwa rangi za kampuni zote nne. Cheusi cha LMS, chenye namba 6917 mwilini (hii si namba ya boksi), kipo kila gulio. Cha kijani cha Southern Railway (SR), chenye namba 2594 mwilini, ni adimu, na cha kabla ya vita ni adimu zaidi. Mtu mwenye kopo la rangi na subira anaweza kugeuza cha kwanza kuwa cha pili. Katika gulio moja nilikuta cha kijani mezani kwa bei ya kuvutia, nikaomba ruhusa ya kukishika, nikakipeleka dirishani. Chuma halisi cha kiwanda kina misumari midogo ya mapambo iliyochomoza wazi, kila mmoja na kivuli chake. Hii ilikuwa imezama, kingo zake zimekuwa duara, kwa kuwa juu yake palikuwa na rangi mbili badala ya moja. Ndani ya kibanda cha dereva, kwenye kona ambayo brashi haifiki, palikuwa na weusi. Nyuma ya ndoano ya mbele palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Herufi zilikuwa na ukingo unaong'aa kuzizunguka, alama ya utando mpya uliobandikwa bila vanishi ya kutosha. Na skrubu inayoshikilia mwili ilikuwa imechubuka mdomo, yaani imefunguliwa na bisibisi isiyoingia sawasawa. Muuzaji alikuwa mtu mkweli aliyenunua hivyo hivyo kwa mwingine, na baada ya kuonyeshwa alikiondoa mezani. Fanya uchunguzi huo kwa kila kichwa cha kijani ulicho nacho: skrubu, kona za ndani, misumari, ukingo wa herufi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza zaidi katika treni hizi, nalo ni ugonjwa wa chuma chenyewe. Miili, magurudumu na chasisi za Dublo zilimwagwa kwa aloi iitwayo mazak, ambayo ni zinki iliyochanganywa na alumini, shaba na magnesi. Aloi hiyo ikiwa safi hudumu. Lakini katika miaka ya 1930 mara kwa mara iliingiliwa na uchafu, hasa risasi, na kiasi kidogo mno cha risasi kinatosha kuifanya ivimbe polepole na kupasuka kutoka ndani kwa miongo inayofuata. Hakuna dawa. Joto na unyevu huharakisha. Kwa nje, rangi huonekana nzuri, kisha unaona nyufa nyembamba zinazokatana kama tope la bwawa lililokauka, na siku moja gurudumu linabaki vipande mkononi.

Namna ya kuipima bila kuidhuru ni hii. Weka kichwa juu ya kioo bapa, kwa mfano kioo cha fremu ya picha, na utazame kwa usawa wa macho. Magurudumu yote yanatakiwa kugusa kioo. Gurudumu moja likiwa juu, au sehemu ya kati ya mwili ikiwa imeinama au imepanda, chasisi imerefuka. Kisha weka rula kando ya ubao mrefu wa pembeni unaopita juu ya magurudumu. Ukiona mwanga kati ya rula na chuma katikati ama kwenye ncha, ni dalili ile ile. Mwisho, tazama spoki za magurudumu kwa lenzi uone kama zina nyufa. Kichwa cha kabla ya vita kisicho na dalili hizi ni hazina. Chenye dalili bado kina wanunuzi, kwa kuwa ufito, kiunganishi, mota na boksi vinaweza kukiokoa kingine, lakini sema ukweli unapokiuza, na usikubali kukisafirisha kwa posta bila kukifungasha imara. Vichwa vya baada ya vita kwa kawaida vina afya, ingawa sijaacha kuvipima.

Umetaja pia kwamba mlifikiria kupeleka baadhi ya vitu Tanga kwa watoto wa kaka yako. Kwa mabehewa ya kawaida na reli, sioni ubaya. Watoto watafurahi na hakuna kinachopotea. Lakini chochote cha bati, cha mazak ya kabla ya vita, au chenye boksi la kadibodi kitateseka kwa hewa ya chumvi na unyevu wa pwani, na wanunuzi wanaokitafuta wako huku.

Kuhusu bei, nitasema kwa makundi kwa kuwa tarakimu kamili hubadilika. Mabehewa ya mizigo ya kawaida, hata yenye boksi, huuzwa pauni chache kila moja. Reli za njia tatu huuzwa kwa rundo, na thamani yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Vichwa vya kawaida vya miaka ya 1950 kama Silver King na Duchess of Montrose ni vya makumi ya pauni. Vichwa vya njia tatu vya miaka ya mwisho, na vya kabla ya vita vyenye afya na boksi lake, ni vya mamia, na vichache sana hupita hapo. Boksi la asili lililo imara linaweza kuongeza kwa kiasi kikubwa thamani ya kitu adimu, lakini siku hizi maboksi mapya ya kuiga yanachapwa vizuri, kwa hiyo kadibodi iliyo nyeupe mno ndani, yenye mikunjo mikali isiyochakaa, itiliwe shaka. Ukweli mwingine ni kwamba wengi waliokuwa watoto katika miaka ya 1950, ambao ndio waliolipa vizuri ili kurudisha walichokosa au walichopoteza, wamezeeka au wamefariki, na makusanyo yao yanaingia sokoni kwa pamoja. Vitu vya kawaida vimeshuka bei. Vitu adimu katika hali nzuri havijashuka kwa kiwango hicho. Anayekuambia kwamba zamani ni mali kwa sababu ni zamani anasema habari ya miaka iliyopita.

Unapotafuta bei mtandaoni, usitazame bei ambazo wauzaji wameandika, bali zile zilizolipwa kweli. Kwenye eBay kuna kichujio cha kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Kitumie hicho tu. Kampuni za mnada wa vitu vya kuchezea, kama Vectis, huweka hadharani matokeo ya minada yao yaliyopita pamoja na picha na maelezo ya hali ya kitu, na hapo utajifunza mengi kuliko kwa kitabu cha bei. Soma maelezo ya hali kwa makini, kwa kuwa vichwa viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana bei mara nne kwa sababu ya mikwaruzo na boksi. Kumbuka pia kwamba mnadani dalali hukata sehemu yake kwa muuzaji na hutoza nyingine kwa mnunuzi, kila moja mara nyingi ikiwa kati ya asilimia 15 na 25 pamoja na kodi, kwa hiyo bei ya nyundo si fedha utakayoipokea. Kwa vichwa vya kawaida, mnada haufai. Vitauzwa vizuri zaidi moja kwa moja kwa mkusanyaji. Kwa kile adimu, mnada wa kampuni inayojua treni ndio mahali pake, na mwulize dalali kwa maandishi makato yote kabla ya kumkabidhi. Kipo pia chama cha wakusanyaji wa Hornby, Hornby Railway Collectors Association, ambacho wanachama wake wamezoea kusaidia familia kutambua vitu vya marehemu.

Ikiwa sandukuni mna kitu kisicho cha Hornby kabisa, tafuta alama hizi. Herufi GBN ni za Bing wa Nuremberg, kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vya vitu vya kuchezea kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na kazi yake nyingi iliuzwa hapa Uingereza na Bassett-Lowke wa Northampton. Märklin iliyoandikwa kwamba imetoka katika eneo la Wamarekani la Ujerumani ni ya miaka michache tu baada ya 1945. Chochote cha bati chenye alama hizi kiwekwe kando, kisiguswe, na kipigwe picha.

Naomba uniwekee hapa picha za kila kichwa kwa pande nne: ubavuni panapoonekana jina na namba, chini kabisa panapoonekana magurudumu na kidole cha umeme, ndani ya kibanda cha dereva, na viunganishi vya mbele na nyuma kwa karibu. Ongeza picha ya ncha ya kila boksi yenye namba na ya pembeni penye maandishi madogo ya mchapaji. Tumia mwanga wa dirishani, si taa ya simu, kwa kuwa taa ya simu hufuta mikwaruzo na kuficha rangi ya pili. Mambo ya yule mfanyabiashara, mwambieni tu kwamba familia inaandika orodha kwanza. Akiwa mnunuzi wa kweli atarudi kuiangalia orodha hiyo, na ninyi mtakuwa mnajua kila kilichomo kabla hajataja bei nyingine.